Barua kwa mwanangu: kumtafuta babu aliyechuma chai Kericho

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia ukifunga chuo utaingia Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, kumtafuta babu yangu. Nimefurahi mno, ila nataka uingie ukijua unachokitafuta.

Usiombe faili kwa jina la Kisii. Enzi za mkoloni kwetu kulikuwa chini ya wilaya ya South Kavirondo, na Wakipsigis wa Kericho waliandikwa Lumbwa. Omba ripoti za mwaka kwa majina hayo. Utasoma habari za kodi, za mvua, na za wanaume waliotoka kwenda kazini. Jina la babu huenda usilione kabisa. Maafisa walihesabu mikono tu. Ilikuwa ya nani, hawakuandika.

Kilichomtoa nyumbani ni kodi ambayo serikali ya mkoloni ilimdai baba yake kwa kila nyumba. Wimbi ghalani haukulipa kodi, na fedha zilikuwa kwa wazungu. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia Kericho, kwenye ardhi waliyopokonywa Wakipsigis, na vijana wetu wakawa wanakwenda huko kwa miguu kupitia Sotik. Ukiandika habari za babu, hao wenye ardhi usiwasahau. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa Wakipsigis hao, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria.

Babu aliingia shambani kabla hajatahiriwa, ndivyo alivyosema mwenyewe. Kuchuma kulitaka vidole vyepesi, na mtoto alilipwa kidogo. Jambo hilo lilizua kelele hadi Uingereza, na mwaka 1938 kukawa na kamati ya serikali kuhusu ajira ya watoto. Ripoti yake itafute, inamhusu.

Alipokua akapewa kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi za mkoloni. Kile kikopo cha bati ambacho nyanya yako huwekea ugoro ndicho kilichokibeba. Kitazame vizuri: juu pana tundu la kamba, kwa kuwa kilivaliwa shingoni. Wazee walisema ni sawa na mbuzi kuvishwa kengele. Karatasi ya ndani ilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Bila sahihi ya mwajiri hukuandikwa kazi kwingine, na aliyetoroka alisakwa kwa karatasi hiyo hiyo. Ya babu ilishaoza.

Kazi ilikuwa ya tikiti: siku 30 za kazi, uzimalize ndani ya siku 42. Siku ambayo haikutiwa alama haikulipwa. Baba yangu aliniambia kwamba babu alifunga kifundo kwenye kamba kila jioni, na siku ya mshahara alikwenda nayo mezani kwa karani. Hakujua kusoma, lakini hesabu ya jasho lake aliiweka mwenyewe. Huyo ndiye mtu ninayetaka umfahamu. Alichuma majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, kikapu mgongoni, mvua ya Kericho ikimpiga karibu kila alasiri, na kwenye mzani akajifunza kutetea kila ratili.

Kinachonichoma hadi leo ni kwamba mtu huyo, aliyeijua chai hivyo, hakuruhusiwa kuwa na mche hata mmoja nyumbani kwake. Mwafrika alifunguliwa mlango wa kulima chai miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Babu aliporudi alipanda pale chini ya nyumba, na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ilipoanzishwa mwaka 1964 alikuwa tayari ana majani ya kupeleka. Karo yako imetoka kwenye mistari hiyo.

Kabla ya Nairobi, pitia nyumbani. Yule mzee wa ng'ambo ya mto alikaa laini moja, yaani safu moja ya nyumba za wafanyakazi, na babu akiwa kijana. Muulize jina la kambi na la nyapara, uyaandike papo hapo. Ukiwa na jina la kambi utajua ripoti za shamba lipi uzisome kwa makini. Nenda asubuhi, jioni huwa amechoka, na umchukulie sukari.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako