MALALAMIKO: Nimeuziwa gesi na kompresa, shida ilikuwa upepo

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Salamu. Mi ni mteja wa gereji yenu, mwenye RAV4 ya silva ya mwaka 2003, ile wanayoiita kilitaimu, jobu kadi zangu zote mnazo hapo mapokezi. Naandika kwasababu simu nimepiga mpaka nimechoka, kila anayepokea anasema subiri fundi mkuu atakupigia, na huyo fundi mkuu sijawahi hata kuisikia sauti yake.

Gari nililileta na shida moja tu na nikaisema kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kwamba UPEPO HAUTOKI. Sikusema AC haipozi. Nilisema feni nikiweka namba nne inanguruma vizuri tu lakini ukiweka mkono kwenye matundu ya dashibodi unasikia kapumzi, na nikamwambia kijana wenu wa mapokezi kwamba hata nikiwasha hita ni hivyohivyo. Nilisisitiza la hita kwasababu huwa nasafiri kwenda Njombe na mwezi wa sita na wa saba kule bila hita huendeshi usiku. Yule kijana akacheka, akasema bosi Dar hii hita ya nini, akaandika kwenye kadi "AC haina gesi". Yani kabla hata boneti haijafunguliwa!

Sasa ndugu meneja, hapo kwenye hita ndo jibu lote lilikuwepo. Hita ya gari haitumii gesi, inatumia maji ya moto ya injini yanayopita kwenye kirejeta kidogo ndani ya dashibodi. AC ndo ina gesi na kuling koili yake, ile inayopoza hewa. Ila vyote viwili vinapuliziwa na feni moja, ileile iliyoko nyuma ya dashibodi boksi upande wa abiria, na hewa yake inapita kwenye filta moja. Kwahiyo upepo ukiwa mdogo kwenye baridi na kwenye joto pia, gesi inahusikaje? Hata ukiijaza mpaka imwagike barabarani upepo hautaongezeka. Hili sio jambo la kuhitaji mashine ya kompyuta mliyoiweka pale mbele ili wateja tuione.

Mkajaza gesi. Gari likapoza kidogo, likarudi palepale. Nikarudi, mkasema gesi imeisha, nikauliza inaishaje wakati ule mfumo umefungwa na gesi ikipungua maana yake kuna sehemu inavuja, je mmepima mnajua inavuja wapi? Hakuna aliyenijibu, nikajaziwa tena nikalipa tena. Na kabla ya kujaza, ile iliyokuwemo mliifyatua hewani nikiwa nimesimama palepale naangalia, gesi ya 134a hiyo ambayo kilo moja inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya kaboni daioksaidi, ila hilo tuliache, sio leo.

Baadae ikawa ni kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC. Nikaambiwa kompresa imechoka, mnayo ya mtumba kutoka Japani iko safi, laki sita na nusu pamoja na ufundi. Nikatoa hela. Kompresa yangu ya zamani sikuonyeshwa na sikurudishiwa, nilipoiulizia nikaambiwa imetupwa, hivi kweli kompresa ya Toyota inatupwa Dar es Salaam hii ambapo hata boliti iliyooza ina mnunuzi? Af risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nimepewa ya gesi ya mara ya kwanza tu. Ya kompresa nimepewa kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu.

Na bado upepo haukutoka. Hapo ndo mkaniambia sasa inabidi kushusha dashibodi nzima mbadilishe kuling koili, na bei mliyotaja naona hata aibu kuiandika.

Nikaondoka nayo hivyohivyo safari ya Njombe. Mchana kutoka Dar mpaka Mikumi tulikaa vioo wazi tunakula vumbi na moshi wa malori, hiyo nilivumilia. Kilichonikera ni usiku kupita Makambako, ukungu na mvua nyepesi, kioo cha mbele kinafuka kwa ndani, naelekeza upepo wote kwenye kioo hautoki kitu, mke wangu anafuta kwa taulo ya mtoto huku mimi nafuata taa za lori la mbele. Meneja nataka uelewe kwamba hii sio anasa. Kioo kinakauka kwa upepo, na ukiwasha hita na AC kwa pamoja ndo kinakauka haraka zaidi kwasababu AC inanyonya unyevu wa hewa. Upepo usipokuwepo huoni mbele.

Njombe nikampata fundi, gereji yake ni bati na miti tu. Hakugusa geji ya kupimia gesi. Aliuliza maswali: upepo ni mdogo, au upepo upo ila sio wa baridi? Feni inafanya kazi namba zote au namba nne peke yake, maana ikifanya nne tu huwa ni rezista imekufa, kile kifaa cha kupunguza kasi ya feni. Inavuma kwa nguvu na upepo haupo, au haivumi kabisa, maana isipovuma unaanzia fyuzi na mota, ila ikivuma bila upepo kuna kitu kimeziba njia. Je ukiwa safari ndefu unapungua zaidi, alafu ukizima AC dakika kadhaa unarudi? Nikasema ndio, kabisa. Akasema hiyo kuling koili inaganda barafu, kwasababu hewa haipiti juu yake vya kutosha maji yanagandia pale, na barafu nayo inaziba upepo zaidi. Na kapeti la abiria linalowa? Hapana. Basi bomba la kutolea maji ya AC halijaziba, akasema.

Hayo maswali yote kwenu sikuulizwa hata moja.

Akafungua dashibodi boksi, ile inatoka kwa mkono, akachomoa filta. Jamani. Ilikuwa nyeusi kama kitambaa cha kushikia masufuria, imejaa majani, manyoya, na panya alishaanza kujenga. Akawasha feni bila filta na upepo ukaongezeka palepale, sio wote ila tofauti mnaisikia usoni. Akasema hapo filta tumeshaijua, bado feni na koili. Akafungua skrubu za feni akaishusha, vile vipanga vyake vimejaa uchafu mpaka nafasi katikati haionekani, inazunguka bure haishiki hewa. Akaiosha kwa brashi. Kwenye lile tundu la feni akamulika tochi ndani na sura ya kuling koili ilikuwa imevaa vumbi lililoshikana kama blangeti, akalitoa taratibu na brashi laini, akapulizia povu la kuoshea koili, akaacha, akasuuza kwa maji ya presha ndogo yakatokea chini ya gari meusi. Hakushusha dashibodi. Filta mpya kanunua mwenyewe mjini, elfu ishirini na tano. Feni namba mbili sasa hivi inatoa upepo kuliko namba nne ya mwanzo, na hita inachoma miguu.

Kuhusu geji yenu, maana najua mtasema geji ilionyesha gesi ndogo. Inawezekana ilionyesha kweli. Hewa isipopita kwenye koili presha ya upande wa chini inashuka, geji inasoma kama gesi haipo wakati ipo. Fundi wa AC anatakiwa kulijua hilo, ndo maana unaanza na upepo kisha unaenda kwenye gesi. Nyie mkajaza gesi kupita kiasi. Matokeo yake niliporudi Dar, upepo sasa upo, kompresa ikawa inajikata kila nikikaa kwenye foleni ya Ubungo. Nikaenda kwa fundi mwingine Ilala kupima, presha ya upande wa juu ikapita psi 300 wakati kwa joto letu ilitakiwa icheze kwenye 200 na kitu. Amepunguza gesi, kompresa imetulia. Kwahiyo hata hiyo gesi mliyoniuzia imebidi nilipe mtu aitoe.

Ninachotaka sasa. Kompresa yangu ya zamani irudi, na kama mmeiuza basi nirudishiwe laki sita na nusu yangu, maana hakuna popote kwenye kadi palipoandikwa vipimo vinavyoonyesha ilikuwa mbovu. Hela ya gesi zote irudi, na ya kupunguza gesi ile pia, risiti ya fundi wa Ilala ninayo. Risiti za EFD za malipo yote nizipate, hilo sio ombi. Na yule kijana wa mapokezi simtaki afukuzwe, ni mdogo na anaandika anachofundishwa, ila mpeni hayo maswali ya fundi wa Njombe ayabandike mezani kwake ili mteja akisema upepo haandiki gesi.

Nawapa siku 14 kuanzia mkiipokea barua hii. Baada ya hapo napeleka kila kitu Tume ya Ushindani, FCC, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mteja anayedanganywa kuhusu huduma aliyolipia, na suala la risiti litaenda TRA, watu wa kodi. Picha za filta na feni nimeambatanisha, pamoja na hicho kikaratasi chenu cha kalamu.

Namba yangu mnayo. Mnipigie kuhusu hela, msinipigie kuniambia nilete gari mpime gesi.

Mteja wenu,
mwenye RAV4 ya silva