Maji ya saa kumi: barua kwa mwanangu aliye Dubai

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Ng'ambo, Zanzibar, ni wazima. Bibi yako goti linamsumbua kama kawaida yake, na zile pesa ulizotuma zimefika. Mama yako alishazipangia kazi kabla sijaziona.

Video yako nimeitazama mara nne, ya nne nikiwa nimefunga mlango. Nakuona umesimama katikati ya duka kubwa, unaelekeza simu sakafuni mbele ya bango la kile kinywaji cha kuongeza nguvu. Marumaru inapasuka, linatokea bonde, na chini kabisa mto mwembamba kama uzi. Kisha ukageuza kamera usoni, na wewe huyo, umevaa suti ya mabawa, unapaa baina ya majabali. Chini umeandika: "Baba, natafuta skuli ya kuruka." Kwanza nilicheka. Usiku sikulala vizuri.

Nilikwenda kwa ami yako, kwenye kile kibanda chake cha kutengeneza simu Darajani, anifahamishe. Akasema simu hutafuta kwanza pahali palipo bapa, halafu vipimo vilivyomo ndani yake vinaijulisha umeiinamisha vipi na umegeukia wapi, na programu inachora bonde juu ya kile inachokiona kamera, ikilichora upya kila unapotikisika. Wenyewe wanaita uhalisia ulioongezwa. Sisi tungesema kiinimacho, ila mwenye kiinimacho wa zamani alipitisha kofia mchezo ukisha, ukajua umelipa nini. Huyu wa sasa hapitishi kofia. Anahesabu umecheza naye sekunde ngapi na umewatumia watu wangapi. Wewe ulinitumia mimi, kwa hiyo nami nimo katika hesabu yake, mzee mzima na miwani yangu.

Unakumbuka 2021 tulivyobishana juu ya yule mwanamke wa tangazo la shirika la ndege la Emirates, aliyesimama kwenye ncha ya Burj Khalifa, lile jengo refu la huko kwenu Dubai, na sare ya wahudumu wa ndege? Ulishika kwamba ni picha ya kompyuta. Kumbe alikuwa mtu, mita 828 juu ya ardhi, naye si mhudumu bali mwalimu wa kuruka kwa parachuti, na chini ya sare amefungwa mikanda. Kufika pale walipanda ngazi zaidi ya saa nzima kuanzia ghorofa ya 160. Tangazo lenyewe ni la nusu dakika hivi. Kwa hiyo usidhani nakwambia kwamba yote ni uongo. Lile lilikuwa kweli, na ngazi bado haikuonekana.

Au Felix Baumgartner, yule mruka parachuti. Ulikuwa na miaka 6 aliporuka kutoka kiasi cha kilomita 39 angani, Oktoba 2012, na jina la kinywaji cha Red Bull limemjaa mwilini. Wiki nzima uliruka kutoka kabatini juu ya godoro la mama yako mpaka likatoka pamba. Hukumwona mzee aliyekuwa akizungumza naye kwa redio kutoka chini, Joe Kittinger, ambaye mwenyewe aliruka kutoka kilomita 31 mwaka 1960. Miaka 52 baadaye bado yupo, anamsomea mwenzake orodha ya mambo ya kufanya, moja baada ya jingine, kabla ya mlango kufunguliwa. Baumgartner siku ile alitua salama. Amekufa Julai 2025 huko Italia, akiruka kwa paraglaida, lile parachuti la kupaa, lenye mota, bila mamilioni ya watu kumtazama.

Jambo jingine ambalo ami yako alinionyesha, nami limenikaa. Clif Bar, kampuni ya vitafunio ya Marekani, iliwaacha baadhi ya wapandaji majabali iliokuwa ikiwadhamini, Novemba 2014, ikasema haioni vizuri tena kufaidika na hatari wanazojitia. Mmoja wao alikuwa Dean Potter. Mei 2015 alikufa kwenye majabali ya Yosemite, Marekani, katika suti ya mabawa kama ile uliyovalishwa dukani. Watu waliisema sana ile kampuni, kwamba imewatupa watu wake. Mimi naona angalau ilitamka kwa kinywa chake nani alikuwa akifaidika.

Na hiyo suti yenyewe nimeiulizia. Chama cha waruka parachuti cha Marekani kinataka mtu awe ameshajitupa kutoka kwenye ndege mara 200 kabla ya kuivaa mara ya kwanza. Mia mbili! Wewe uliivaa kwa kugusa kioo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mama yako halijui.

Huu mguu wangu wa kushoto, niliwaambieni nilianguka na baskeli. Si kweli. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 17, na kila siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, nilikuwa Forodhani, kwenye ukuta wa bahari, naruka pamoja na wenzangu. Haya mnayoyaita makachu siku hizi. Hatukuanzia ukutani. Tulianzia ngazi za chini, wakubwa wametukalia juu, na aliyepanda juu kabla ya ruhusa alichapwa makofi. Walitufundisha maji kabla ya kutufundisha kuruka: mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari inajaa kiasi cha saa kumi jioni, unaruka unavyotaka, ikifika magharibi maji yameshakimbia, na mawe yaliyo chini ya ukuta yamekaribia juu. Hiyo ndiyo ilikuwa skuli yetu yote.

Akaja mtalii na kamera kubwa. Nikamrukia saa kumi na nusu, kichwa chini miguu juu, watu wakapiga vigelegele. Akasema mkanda umekwisha, nisubiri abadilishe. Akabadilisha. Kisha akaniashiria jua: angependa lishuke kidogo, rangi itakuwa nzuri zaidi. Nikakaa ukutani nikimsubiri, na wenzangu mmoja mmoja wanavaa mashati yao. Kaka mmoja aliyetufundisha akanambia, "Maji yamekwenda." Nikamjibu kwamba nayaona. Nilikuwa siyaoni. Nilikuwa naiona ile kamera, na mimi mwenyewe ndani yake.

Nilirukia miguu, na hilo ndilo lililoniokoa. Kisigino kilivunjika juu ya jiwe. Yule mtalii aliingia majini na nguo zake kunitoa, hakuwa mtu mbaya hata kidogo, akanipa dola tano na kuniombea kwa lugha nisiyoijua. Bibi yako aliuza mkufu wake kunitibu. Picha sijawahi kuiona. Pengine iko ukutani nyumbani kwa mtu, Ulaya huko, kijana yuko hewani na jua nyuma yake, na anayeitazama anatamani.

Kwa hiyo sikukatazi. Ningekukataza kwa uso gani? Naijua ile nukta unapouacha ukuta na tumbo linabaki nyuma, na sijapata kitu cha kufanana nayo katika miaka yangu yote. Lakini bonde lile la dukani halina maji ya kupwa. Ungeliruka mara elfu na kila mara lingekupokea vilevile, saa kumi au magharibi, umejifunza au hukujifunza. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko jabali la kweli.

Ukitaka kwenda kwenye hiyo skuli, nenda kwanza bila simu. Kaa siku nzima utazame wanavyokunja maparachuti, na nani anayemkagua mwenzake. Mwulize mwalimu ni siku ngapi mwaka huu amewarudisha watu nyumbani kwa sababu ya upepo. Akikwambia hakuna hata moja, ondoka. Ada nitumie hesabu yake, tutaangalia. Mama yako utamweleza mwenyewe, hilo sikusaidii, na mimi habari ya mguu nitamwambia kabla hujafika.

Maana umesema utakuja Idi el Fitri. Idi hiyo huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Siku ya pili yake tutoke baada ya sala ya alasiri, twende Forodhani tule urojo kwanza, kisha nikuonyeshe ngazi niliyoanzia. Ipo mpaka leo. Simu yako tutamwachia bibi.

Baba yako