Mdarizi wa Mikindani apate wanafunzi

Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu msanii wa Mikindani anayedarizi kwa mkono chanjo za Kimakonde, yaani michoro ya kuchanjwa kwenye ngozi, zile tulizoziona kwenye nyuso za bibi zetu, akizipanga kwenye kitambaa kando ya picha za bomba la gesi na mikorosho. Nimefurahi mno.

Hofu yangu ni kwamba ujuzi huo uko mikononi mwa mtu mmoja. Vijana hawachanjwi tena. Wazee wenye chanjo wakiondoka, michoro nayo itazikwa. Kitambaa kinaweza kuitunza, mradi wawepo wa kuidarizi.

Naiomba halmashauri ielekeze sehemu ya mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake na vijana watakaojifunza kwake, wanunue nyuzi na vitambaa, na wamlipe mwalimu wao.

Msomaji wenu,
Mtwara