Risala ya Chama cha Elimu ya Nyota kwa Mgeni Rasmi, Malindi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum.

Karibu sana shuleni kwetu. Mwaka huu chama chetu kimeshughulikia jambo moja tu, nalo ni vivuli vya mashimo meusi yanayozunguka. Huenda ukajiuliza watoto wa Malindi wanatafuta nini huko. Jibu liko Ngomeni: kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya kijiji hicho, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, na vipimo vyake vya eksirei vikawafanya wataalamu waanze kushuku kwamba chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

Shimo lenyewe halionekani. Nuru inayolikaribia mno humezwa, inayopita mbali kidogo hupindwa, na katikati hubaki duara la giza, ndicho kivuli; kwa shimo lisilozunguka, kipenyo chake ni kama mara 2.6 ya kipenyo cha shimo lenyewe. Likizunguka, kwa hesabu aliyoitoa Roy Kerr wa New Zealand mwaka 1963, nuru inayofuata mzunguko hupata kupita karibu zaidi na inayokwenda kinyume hunaswa ingali mbali, hivyo kivuli hubonyea upande mmoja, kama hamri la duara lililobanwa na ukingo wa karai.

Kerr alilichukulia shimo kuwa liko peke yake. Je, likizungukwa na uga wa skala? Uga ni kitu kilichoenea, chenye thamani yake kila mahali. Mwalimu wetu wa fizikia alitufafanulia kwamba upepo wa kusi una nguvu na mwelekeo, ilhali joto la maji ya bahari lina kiasi tu, halielekei kokote; uga wa skala ni wa namna hiyo ya pili. Mwaka 2014 wanafizikia Carlos Herdeiro na Eugen Radu walionyesha kwamba uga wenye tungamo unaweza kutulia ukizunguka sambamba na shimo. Mwaka uliofuata, wao na wenzao walikokotoa vivuli vya mashimo ya namna hiyo, na ajabu yake ni kwamba vingine ni vidogo kuliko vya Kerr, vingine vinakaribia mraba, na vingine vina vipande vyembamba pembeni mithili ya nyusi.

Kivuli cha namna hiyo hakijaonekana angani. Picha ya shimo lililo katikati ya galaksi ya M87, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, inaafikiana na Kerr, ila haijawa kali kiasi cha kuukana uga huo kabisa.

Mheshimiwa, kompyuta yetu moja ilikesha ikichora kivuli kimoja, na umeme ukakatika alfajiri. Tunaomba nyingine yenye nguvu zaidi, pamoja na ruhusa ya kuzuru Ngomeni, kwani jukwaa lile tunaliona kutoka ufuoni tu.

Mezani tumeweka kitako cha gilasi iliyovunjika (tumekisugua kwa msasa kwa kuwa kilimkata mweka hazina wetu). Ukiutazama mwali wa mshumaa kupitia kitako hicho, utauona umegeuka pete, kwani kioo hicho hupinda nuru mithili ya shimo jeusi. Tafadhali pitia pale kabla mshumaa haujaisha.