Wanangu mnaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia na gari, nisikilizeni

Wanangu,

Wiki iliyopita tumezika kijana wa Katuba. Alikwenda Kitwe kufuata bidhaa, akalala Chingola, alfajiri akatoka kituo cha mafuta na kushika upande wa kulia, kama alivyozoea hapa Lubumbashi. Barabara ilikuwa tupu. Kamiyo (lori) iliyomkuta ilikuwa upande wake wa halali. Kwenye kilio nikasikia wazee wenzangu wakiulizana nani amemla kwa uchawi. Shangazi akatajwa, mshirika wake wa biashara akatajwa. Hakuna aliyeuliza kijana alikuwa upande gani wa barabara. Hilo limeniuma, na ndiyo sababu ninaandika.

Zambia walitawaliwa na Waingereza, wanaendesha kushoto. Sisi wa Kongo, Wabelgiji walituachia kulia. Kila ninayemkumbusha ananijibu, "Papa, najua." Najua kwamba unajua! Kichwa chako kinajua, mikono haijui. Mpakani penyewe hakuna anayekosea, kwa kuwa kamiyo zimejaa na unafuata aliye mbele yako. Hatari inakungoja mbali zaidi, hofu ikishakutoka: unapotoka kituo cha mafuta, unapotoka uani kwa mwenyeji wako asubuhi, unapopinda kulia kwenye njia panda, unapogeuza gari baada ya kupotea. Na barabara ikiwa tupu ndiyo mbaya kuliko zote, maana hakuna gari la kukukumbusha.

Kabla ya kuondoa gari, kila mara, tamka kwa sauti: kushoto. Usione haya. Anayekaa kando yako asilale. Kazi yake ni kukuuliza upande kila mnapotoka mahali. Kama volani yako, yaani usukani, iko kushoto, ukiwa Zambia wewe unakaa upande wa majani. Ukiuona mstari wa katikati ubavuni mwako, umekosea njia, rudi upande wako. Kama ni gari la Japani lenye volani ya kulia, ni kinyume: mstari uwe kwako, majani yawe kwa abiria. Kwenye mzunguko ingia kwa kushoto, wapishe wanaokuja kutoka kulia kwako. Hata ukishuka kwa miguu kununua maji, tazama kulia kwanza. Na siku ya kurudi, mkishavuka, yaanzeni yote upya kwa upande wetu.

Kupita kamiyo kwa volani ya kushoto katika nchi ya kushoto, wanangu, ni kucheza na roho. Huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lako iko nje. Kaa nyuma ya kamiyo ya shaba, umeze vumbi lake, ufike Ndola umechelewa. Mama yako anakutaka hivyo hivyo, na vumbi lako.

Mengine mnayajua: kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvuka mipaka na gari, iwe ya kweli, si ya kuokota kwa vijana wa mpakani, pembetatu za kuonya, tairi nzima, mkanda hata viti vya nyuma, simu mfukoni, bia mkishafika. Usiku lala. Kamiyo zilizoharibika hukaa barabarani bila taa, na Zambia wenyewe mwaka 2016 walikataza mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Lakini sitawalaumu vijana peke yao. Ni nani anayewanunulia permi, ile leseni ya kuendesha, kabla hawajagusa volani? Ni sisi wazazi. Ni nani anayempa kijana gari na kumtuma Ndola peke yake, hata hatujamwona akiendesha? Ni sisi wenye mali. Halafu tunakaa kwenye kilio kutafuta mchawi, na mwaka unaofuata tunamtuma mdogo wake. Shangazi wa watu amefukuzwa nyumbani kwa ajili ya kosa la barabarani. Wazee wenzangu, mwombeni msamaha mama huyo, mumrudishe kwake.

Anayevuka kwa mara ya kwanza aje kwangu Jumamosi jioni, na gari lake. Tutauzunguka uwanja wa parokia upande wa kushoto mpaka mikono izoee. Sihitaji pesa. Leta mafuta yako tu, na yule mtakayesafiri naye.

Papa yenu,
Kamalondo, Lubumbashi