Kamati ya Uchumi ya Jiji la Dodoma Isiishie Kwenye Viwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kamati ya madiwani inayoshughulikia uchumi katika Halmashauri ya Jiji la Dodoma, ambayo kwa maoni yangu sasa inastahili kupewa kazi pana zaidi ya kupokea taarifa za robo mwaka na kukagua majengo.

Tangu Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ivunjwe Mei 2017 na majukumu yake ya ardhi kukabidhiwa halmashauri, na hasa baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, mauzo ya viwanja yamekuwa tegemeo kubwa la mapato ya ndani. Fedha hizo zimefanya kazi inayoonekana, na waliozisimamia wanastahili pongezi. Hata hivyo, kiwanja kikishauzwa kimeuzwa. Kinachobaki kuiingizia halmashauri fedha mwaka hadi mwaka ni leseni, ushuru na kodi za vibanda, navyo vyote hutegemea wananchi wenye biashara zinazokwenda. Kwa muundo wa halmashauri za miji, kamati hii hubeba pia elimu na afya, kwa hiyo ni rahisi ajenda za madarasa na zahanati, ambazo nazo ni za lazima, zikamaliza kikao kabla uchumi wenyewe haujajadiliwa.

Chukulia zabibu, zao linaloutambulisha mji huu nchi nzima. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora ni wakazi wa jiji, na mizabibu yao huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu ikiiva haisubiri: mnunuzi akichelewa siku chache tu, punje husinyaa, nyingine hupasuka na kuvutia nyuki, na mkulima aliyekwisha kulipa vibarua na dawa hujikuta akipokea bei yoyote anayotajiwa pale pale shambani. Utaalamu haukosekani, kwa kuwa kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kiko hapa hapa. Kinachohitajika ni mahali pa kukamulia na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, ili mkulima auze kwa wakati anaoutaka yeye, pamoja na vyumba vya ubaridi kwa zabibu za mezani, yaani zinazoliwa kama tunda. Sioni kwa nini halmashauri inayoweza kujenga vitega uchumi vya ghorofa ishindwe kuweka jambo hili katika bajeti yake, iwe peke yake au kwa ubia na vyama vya ushirika. Kamati ya uchumi ndiyo inayopaswa kulibeba hadi kwenye baraza, na kulirudisha kila mwaka hadi litekelezwe.

Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba kwa wanawake (asilimia 4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kuibuliwa kasoro za urejeshaji na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kamati isiridhike kuambiwa fedha kiasi gani zimetoka. Iulize kikundi kilichokopa cherehani au pikipiki kinafanya nini mwaka mmoja baadaye, na kama kimekwama, kilikwama wapi.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti hupita kwenye kamati miezi kadhaa kabla ya hapo. Namwomba Mstahiki Meya aelekeze kwamba katika kipindi hicho kamati ikutane na wakulima wa zabibu, wafanyabiashara wa Soko la Machinga na vikundi vya mikopo, na kwamba mapendekezo yake yabandikwe katika ofisi za kata kabla baraza halijayapitisha.

Mkazi wa Makutupora,
Dodoma