Betri ya Ah 100, mbona haifiki 100?

"Mmeniuzia feki. Imeandikwa Ah 100, nikiwasha inveta saa moja tu imekata." Lalamiko hili tunalisikia sana dukani. Feki zipo sokoni, hatubishi, ila betri nyingi zinazorudishwa hivi tukizipima tunakuta ni nzima.

Namba ile ya ubavuni, Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa), ina masharti yake. Ukiona C20 (kipimo cha saa 20) kwenye betri ya asidi ya volti 12, jua inahesabiwa kwa kutoa umeme taratibu: ampea 5 kwa saa 20, kwenye nyuzijoto 25, hadi volti zishuke kufikia 10.5. Sasa wewe umeifungia inveta yenye mzigo wa wati 600, inayovuta zaidi ya ampea 50. Kwa kasi hiyo utapata Ah 60 hivi, pengine pungufu. Asidi iliyo ndani ya bamba inatumika haraka kuliko inavyojazwa, volti zinaporomoka, inveta inalia na kuzima. Ipumzishe, itainuka tena kidogo. Mjerumani Peukert aliliandikia kanuni jambo hili mwaka 1897, kwa hiyo si kisingizio cha wauza sola.

Baridi nayo hupunguza. Wateja wetu wa Makete wanalijua hilo alfajiri za Julai: karibu na nyuzi 0, betri ileile hupungukiwa asilimia 15 hadi 20, kisha ikipata joto inarudi. Joto kali ndilo la kuogopa. Betri iliyowekwa chini ya bati Dar es Salaam huonekana ina nguvu, kumbe kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata karibu nusu ya umri wake, na huo haurudi.

Tunapimaje? Tunaichaji ijae, tunaiacha itulie, halafu tunaifungia balbu ya taa ya gari ya wati 60, inayokula karibu ampea 5. Kila saa tunaandika volti, ampea na joto la kasha. Ikigusa 10.5 tunaichomoa na kuirudisha kwenye chaji papo hapo, maana ikilala tupu salfeti hugandamana kwenye bamba. Kipimo hiki huweza kufika saa 20, kwa hiyo usisubiri majibu kaunta, iache. Kile kipimo cha mkononi kinachotoa jibu kwa sekunde chache hukisia tu.

Ukija, tuambie unawasha nini kwa pamoja na betri inakaa wapi. Ikitoa chini ya Ah 80 kwenye balbu yetu, hapo tutazungumza habari ya kubadilisha.